Kicheko cha Kwanza cha Mtoto: Je, Mama Atakuwapo?

Kicheko cha kwanza cha mtoto mchanga hakipigi hodi. Huja siku yoyote na saa yoyote: pengine asubuhi mtoto anapovuliwa nguo ili aogeshwe, pengine jioni kaka yake anapopiga chafya mbele ya uso wake. Wote waliomo nyumbani huacha walichokuwa wakikifanya, wakaitana waje wasikie, kisha kila mmoja akajaribu mbinu yake ili kicheko hicho kirudi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika miji ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi yetu, mara nyingi asiyekuwapo saa hiyo ni mama mzazi mwenyewe. Likizo yake ya uzazi imekwisha, naye yuko ofisini, kiwandani, darasani au dukani. Na baba, ambaye alirudi kazini siku chache tu baada ya mtoto kuzaliwa, huenda akahadithiwa habari hiyo usiku, mtoto akiwa amekwisha kulala.

Hivi basi, wazazi wafanyakazi wafanye nini? Kwanza yafaa wajue kicheko huja lini na huletwa na nini. Pili, yafaa wajue kwamba kicheko si jambo la bahati. Hustawi pale palipo na mtu mwenye nafasi ya kumtazama mtoto na kumjibu. Kazi ya wazazi ni kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo, hata kama si wao wenyewe kwa saa zote.

HESABU YA SIKU 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, yaani wiki 12. Na isiyopungua siku 100 ikiwa amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Likizo hiyo yaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Mama aliyeianza wiki mbili kabla ya kujifungua hubakiwa na wiki kumi tu za kukaa na mwanawe.

Sasa tuitazame hesabu ya mtoto mwenyewe. Katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, mtoto huonekana akitabasamu usingizini. Bibi zetu husema anacheka na malaika. Tabasamu hilo hutoka lenyewe, wala halijamlenga mtu. Baina ya wiki ya sita na ya nane hivi huja tabasamu la namna nyingine: mtoto yuko macho, anautazama uso wa mtu, anaisikia sauti yake, kisha midomo inafunguka na macho yanang'aa. Hilo ni jibu. Baada ya hapo huja sauti za "aguu", na mtoto akaanza kama kuzungumza. Kicheko chenyewe chenye sauti husikika kwa watoto wengi katika mwezi wa tatu kwenda wa nne, na wapo ambao huchelewa kidogo zaidi bila ya kuwa na kasoro yoyote.

Mzazi anayetaka kuikumbuka hesabu hii kwa wepesi na aichukue kadi ya kliniki. Katika nchi yetu mtoto hupelekwa kupata chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tabasamu la kujibu huja karibu na safari ya wiki ya 6. Kicheko huja karibu na safari ya wiki ya 14, au baada yake. Lakini likizo ya mama imekwisha tangu wiki ya 12, na pengine kabla ya hapo.

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, alikuwa mmoja wa wazazi wa mwanzo kuandika mambo haya kwa tarehe. Mwaka 1877 alichapisha kumbukumbu alizokuwa ameziweka tangu mwanawe wa kwanza alipokuwa mchanga. Aliandika kwamba mtoto huyo alitabasamu tabasamu la kweli akiwa na siku 45. Alipofika siku 110 alifurahi mno alipofunikwa uso kwa nguo yake ya kifuani, kisha nguo ile ikaondolewa ghafla. Na alipofika siku 113, sauti zake za furaha zilianza kukatika-katika, na baba yake akatambua kuwa huo ndio mwanzo wa kicheko. Kutoka siku ya 84 hadi ya 113 ni siku 29. Kama mama yake angalikuwa mwajiriwa wa siku hizi, kicheko kile angalihadithiwa.

KICHEKO SI MCHEZO MTUPU

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mtoto atacheka tu, awepo mama au asiwepo. Ni kweli kwamba uwezo wa kucheka mtoto huzaliwa nao. Hata mtoto asiyeona hutabasamu asikiapo sauti ya mama yake, na asiyesikia hucheka achezeshwapo. Lakini kicheko ni mazungumzo kabla ya maneno. Mtoto hutoa sauti, mkubwa akajibu, mtoto akangoja, kisha akatoa nyingine. Kwa njia hiyo hujifunza kwamba kila mtu ana zamu yake, na kwamba akiita ataitikiwa. Huo ndio msingi wa kusema, na ndio msingi wa kumwamini binadamu mwenzake.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenzake, walieleza jaribio lililowashangaza wengi. Mama alicheza na mwanawe wa miezi michache kama kawaida, kisha akaambiwa aukaze uso wake na kumtazama mtoto bila ya kutabasamu wala kusema neno. Mtoto alijaribu kumrudisha mama yake: alitabasamu, akamtazama, akajaribu tena. Alipoona hapati jibu, aligeuza uso na mwili wake pembeni. Tukumbuke kwamba mama alikuwa palepale mbele yake. Mzazi aliyeketi na mtoto mapajani huku macho yake yamezama katika simu, na ajiulize mwanawe anauona uso wa namna gani.

Aidha, kicheko ni dalili ya afya. Mtoto mwenye njaa au ugonjwa huzihifadhi nguvu zake. Hunyamaza, hatazami, hachezi. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Mikoa hii huvuna mahindi, maharage, viazi na matunda, na husafirisha chakula hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Habari hii si ngeni mkoani Iringa. Mwaka 1983, wakati mkoa huo ulipokuwa bado unajumuisha Njombe, Serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNICEF na WHO walianzisha mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wakakaa kuzungumza juu ya matokeo hayo. Kufikia mwaka 1988 idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilikuwa imepungua sana. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kwamba chakula huweza kuwamo ghalani na mtoto akapungukiwa, kwa sababu mama ana kazi nyingi mno na hapati nafasi ya kumlisha mara za kutosha kwa siku. Mtoto alikosa muda wa mtu. Na kicheko nacho hukosekana kwa sababu iyo hiyo.

Kwa mtoto wa miezi mitatu au minne, chakula ni maziwa ya mama peke yake, hadi atimize miezi sita. Sheria tuliyoitaja inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mama anayefanya kazi karibu na nyumbani asione haya kuidai haki hiyo. Na akifika nyumbani asimnyonyeshe mtoto huku akiitazama saa tu. Mtoto akisha kushiba, zile dakika chache kabla ya mama kuondoka ndizo njema za kuzungumza naye na kucheka naye.

BARIDI NA MBELEKO

Wazazi wa Mbeya na Iringa wana jambo lao jingine, nalo ni baridi. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko chini sana ya hapo. Mwezi wa Juni na wa Julai mtoto hufungwa shali, akavishwa kofia na soksi, akafunikwa blanketi, kisha akabebwa kwa mbeleko mgongoni, pua tu ndiyo ionekanayo.

Hatusemi kwamba mbeleko ni mbaya. Mtoto aliye mgongoni hupata joto, husikia sauti ya mama na mwendo wake, na hutulia. Lakini mgongoni hauoni uso, na uso ndio unaoleta tabasamu la kwanza. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha akina mama wa kabila la Wanso wa Kamerun, ambao huwakumbatia na kuwachezesha watoto wao kwa mwendo wa mwili, na akina mama wa mji wa Münster huko Ujerumani, ambao huketi wakitazamana na watoto wao uso kwa uso. Watoto walipokuwa na wiki sita hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Walipofika wiki 12, watoto wa Münster na mama zao walikuwa wakitabasamiana kwa muda mrefu zaidi. Haina maana kwamba Wanso hawawapendi watoto wao. Maana yake ni kwamba tabasamu hukua pale linapopaliliwa, kama mche wa bustanini.

Basi mbeleko iendelee, lakini mtoto apate pia saa yake ya mapajani. Saa nne asubuhi jua linapokuwa limepasha ua, aketishwe kivulini mahali pasipo na upepo, afunuliwe uso na mikono, naye atazamane na mtu. Wakati wa usiku, wazazi wajihadhari sana na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kupasha joto. Moshi wake usioonekana wala kunuka huua watu wakiwa wamelala, na mtoto mchanga ni wa kwanza kudhurika. Heri blanketi moja zaidi na ubavu wa mama.

NAMNA YA KUMCHEKESHA MTOTO

Kumchekesha mtoto hakuhitaji kitu cha kununua. Jambo la kwanza ni kuchagua wakati. Mtoto awe ameshiba, amelala vya kutosha na nguo zake ni kavu. Mtoto mwenye usingizi hachekeshwi, hulazwa.

Jambo la pili ni uso na sauti. Msogelee mpaka auone uso wako vizuri, mwite jina lake taratibu, na umwigize sauti anazozitoa. Akisema "aguu", nawe sema "aguu," kisha nyamaza umngoje. Wazazi wengi hukosea hapa, kwa kuwa husema mfululizo bila ya kumwachia mtoto zamu yake. Mtoto huhitaji muda kuliko mtu mzima. Hesabu moja hadi kumi moyoni, nawe utaona jibu lake likija.

Jambo la tatu ni mguso. Vicheko vya mwanzo huletwa zaidi na mwili na sauti: kupulizwa tumboni mpaka midomo ilie, kubusiwa shingoni, vidole kutembezwa kifuani kama sisimizi apandaye, au kurushwarushwa magotini kwa upole, huku kichwa na shingo vimeshikwa. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka mtoto huanza kucheka kwa vitu avionavyo na vinavyomshangaza. Funika uso wako kwa khanga na uulize, "Mama yuko wapi?" kisha ufunue na kusema, "Huyu hapa!" Mchezo huu hauchoshi. Mtoto hucheka kwa sababu amekwisha kutambua kitakachokuja, na kikaja kweli. Anapokaribia mwaka mmoja, utamwona yeye mwenyewe akirudia vituko vyake ili kuwachekesha ninyi.

Jambo la nne ni kujua kukoma. Mtoto akigeuza uso, akipiga miayo au akianza kulia, ametosheka. Asiendelee kutekenywa, kicheko cha kutekenywa kupita kiasi si furaha tena, naye hana maneno ya kukataa. Kumrusha mtoto mchanga hewani ni hatari. Na kumtikisa kwa nguvu, iwe kwa mchezo au kwa hasira, kwaweza kuumiza ubongo wake na hata kumwua. Yeyote anayebaki na mtoto hana budi kuambiwa jambo hili waziwazi.

Watoto wakubwa wa nyumbani pia wasisahauliwe. Hakuna mtu anayemchekesha mtoto mchanga upesi kama dada au kaka yake. Wafundishwe namna ya kumshika na waachwe wacheze naye, mkubwa akiwa karibu.

ANAYEBAKI NYUMBANI

Tumchukulie mama mmoja anayeishi Mwanjelwa na kufanya kazi mjini Mbeya, au mwenzake wa Kihesa mjini Iringa. Hutoka alfajiri na kurudi magharibi. Mtoto hubaki na bibi yake, au na binti aliyeajiriwa kumtunza. Mara nyingi binti huyo huachiwa orodha ndefu ya kazi: nguo za kufua, maji ya kuchota, chakula cha kupika, nyumba ya kupiga deki. Juu ya yote hayo huambiwa "umwangalie na mtoto". Akirudi, mama hukagua sakafu na sufuria. Ni nadra kumsikia akiuliza, "Leo amecheka na nini?"

Swali hilo lina faida kubwa. Binti akijua kwamba ataulizwa habari za kicheko cha mtoto, atajua pia kwamba kuketi naye na kuzungumza naye ni sehemu ya kazi yake, wala si uvivu. Ni afadhali sakafu ipigwe deki mara moja tu, kuliko mtoto kulazwa kitandani peke yake kutwa nzima kwa kuwa ni mtulivu.

Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wana desturi inayofaa kutafakariwa. Katika jamii hiyo kicheko cha kwanza cha mtoto hufanyiwa sherehe, na mtu aliyemchekesha hupewa heshima ya kuiandaa karamu hiyo. Haulizwi kwanza kama ni mama au la. Sisi hatuna haja ya karamu, lakini tunaweza kuwa na shukrani. Binti au bibi atakayetoa habari za kicheko cha kwanza asionewe wivu, na ashukuriwe.

Wala mama asihuzunike akadhani kwamba amempoteza mwanawe. Mnamo mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliwatembelea nyumbani watoto 28 wa familia 26 huko Buganda, na baadaye akaandika kitabu juu yao mwaka 1967. Akina mama wale walikuwa na kazi zao, na watoto wengi walishikwa pia na jamaa wengine. Hata hivyo, kadiri walivyokua, watoto walimpokea mama aliyerejea kwa namna ya pekee: kwa tabasamu, kwa sauti, kwa mikono iliyoinuliwa na mwili mzima kuchangamka. Saa ya kurudi nyumbani ni saa kubwa kwa mtoto. Mama na aweke kikapu chini, anawe mikono, aketi naye kwanza kwa robo saa kabla ya kuingia jikoni. Na baba atakayepita nyumbani kabla ya kwenda kuzungumza na wenzake atakuta kwamba mwanawe anaijua sauti yake pia. Siku tatu za likizo ambazo sheria inampa mtoto anapozaliwa hazitoshi kumfanya mlezi. Jioni za kila siku ndizo zitakazomfanya.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Watoto hawalingani, na aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe umri wake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Lakini mtoto ambaye hatabasamu kwa mtu hadi kufikia miezi mitatu, au hajacheka wala kutoa sauti za furaha hadi miezi sita, au hageuki asikiapo sauti, au hafuati uso kwa macho, apelekwe kliniki bila ya kungoja chanjo inayofuata. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekuwa akicheka kisha akaacha.

Mama naye atazamwe. Akiona kwamba huzuni, machozi au kutojali havimwachi kwa zaidi ya wiki mbili baada ya kujifungua, hata uso wa mwanawe haumfurahishi, huo si ulegevu wala kukosa shukrani. Ni ugonjwa unaotibika, na yafaa aueleze kliniki kama angalivyoeleza homa.

Ndugu mzazi, siku 84 hazirefuki kwa kutamani, na kicheko hakitangoji jioni. Lakini aliyehakikisha kwamba mwanawe ameachwa mikononi mwa mtu mwenye muda na moyo, na akarudi nyumbani na uso mkunjufu, hatakosa fungu lake. Kicheko cha kwanza huenda akahadithiwa. Cha pili, cha tatu na cha mia atavisikia mwenyewe.